Kanda ya Arusi ya Ella

Sheria ya kwanza ya Chama cha Jumatano ilikuwa hii: hakuna ruhusa ya kukaa kimya. Nazmin, aliyechaguliwa mwenyekiti kwa kura moja, na kura yenyewe yake, aliisimamia bila huruma. Kanda za katuni zilitoka Japani zikipita mikononi mwa watu wengi, zimenakiliwa mara nne, mara tano, hadi nyuso zimepauka na rangi nyekundu imevuja nje ya mipaka yake, na ndani yake mlikuwa na Kijapani kitupu. Tafsiri ilikuja peke yake, kwenye karatasi za fotokopi zilizobanwa pini: dakika, jina la anayesema, maneno. Basi wasichana waligawana majina, wakazima sauti ya televisheni, wakasoma. Watu wa katuni walifumbua midomo huko kwenye kioo, na sauti zikatoka kwenye makochi mabovu ya chumba kimoja cha chuo, Toronto, majira ya baridi ya mwaka 1998.

Kwenye daftari chama kilikuwa na wanachama tisa, wote wasichana. Waliokuja hata theluji ikianguka walikuwa watatu. Kulikuwa na Nazmin mwenyewe, wa mtaa wa Don Mills, binti wa Waismaili waliotoka Iringa, mwenye mdomo mkubwa na moyo mkubwa zaidi. Kulikuwa na Razia, wa Thornhill, aliyeletwa na kurudishwa kwa gari na baba yake kama kifurushi cha posta, na aliyewaambia nyumbani kwamba Jumatano ana masomo ya ziada ya hesabu. Halafu kulikuwa na Dative, Mrundi wa Bujumbura, wa miaka ishirini, aliyeishi na mama yake ghorofa ya kumi na moja huko Thorncliffe Park. Huyu alijiunga kwa sababu siku moja alipita mlangoni akasikia watu wanacheka, naye alikuwa hajacheka siku nyingi.

Watu wa nje waliwaona wamerukwa na akili. Wasichana wazima, wanasomea kazi za maana, wanamlilia mwanamume aliyechorwa kwa wino! Huko Japani watu wa namna hiyo wana jina lao, otaku, na wala si jina la sifa. Nazmin alilibandika mlangoni kwa herufi kubwa. Na katuni waliyoipenda kupita zote mwaka ule iliwahusu wasichana kama wao: chama cha chuo, mji wa Tokyo, wapenda katuni wanne wasio na haya hata chembe. Mwenyekiti wao anashona vazi la shujaa wake kutokana na pazia la bwenini, nalo linachanika mbele ya mkuu wa chuo. Mwingine analia kila hadithi ikiisha, iwe ya huzuni au isiwe. Na mmoja wa miwani hasemi kitu. Anawaacha wenzake wabwabwaje mpaka wachoke, halafu anatoa sentensi moja tu inayowamaliza wote.

Huyo wa miwani alipewa Dative, na mwanzoni alimharibu. Kiingereza chake kilitembea polepole. Kikaragosi kilikuwa kimeshafunga mdomo, yeye ndiyo kwanza yuko katikati ya sentensi. Siku moja hasira zikampanda. Akaitupa karatasi, akakitazama kile kikaragosi kinavyofumbua mdomo, akangoja, akangoja kidogo tena, akasema kwa Kiswahili: "Mwenyekiti, hilo pazia lilikuwa na heshima zake kabla ya kukujua wewe."

Nazmin alianguka kutoka kwenye kochi. Razia alicheka mpaka akaomba maji. Kumbe wote watatu walikuwa nacho Kiswahili, kila mmoja cha kwake: Nazmin cha bibi yake, Razia cha jikoni kwa mama yake wa Arusha, kile alichozoea kusemeshwa, naye akijibu kwa Kiingereza. Tangu siku hiyo, wakiwa watatu tu, walisoma kwa Kiswahili.

"Where did you learn that?" Nazmin alimwuliza siku ile, bado anafuta machozi. "Ile ya kungoja kwanza. Unangoja kidogo, halafu ndiyo unasema."

"Kwa Papa," Dative alisema.

Papa, yaani baba yake, alikuwa Nathanaël, karani wa ghala la kahawa, mtu wa Bwiza, mtaa wa Bujumbura ambako Kiswahili ndicho kinachonunulia mkate. Hakuwa na cheo wala gari, lakini hakukuwa na arusi mtaani wasiyomwomba asimame aseme mawili matatu. Mwezi wa nane mwaka 1993 ikafika zamu ya arusi ya nyumbani kwake mwenyewe. Ella, binti yake mkubwa, aliolewa na kijana wa Uvira, ng'ambo ya mpaka, na Papa akaamua atatoa hotuba yake kwa Kiswahili ili pande zote mbili zimsikie. Alikodi mpiga video pia, jambo ambalo mkewe aliliona ni majivuno.

Dative alikuwa na miaka kumi na mitano, na kazi yake siku ile ilikuwa Fanta. Alikaa ua wa nyuma na mabeseni ya maji, akipoza chupa na kuzifuta. Akiwa huko alisikia kupitia dirishani sauti ya baba yake ikisema, ikatulia, halafu watu wakacheka. Si kucheka kwa adabu. Watu walicheka hadi viti vikagongana. Alikimbilia ndani na mikono yake inachuruzika maji, akamkuta baba anakaa, wageni bado wanashika mbavu.

"Papa, umesema nini?"

Naye, huku akijifuta jasho shingoni, akamjibu: "Utaona kwenye kanda."

Kanda ililetwa mwanzoni mwa mwezi wa kumi. Nyumbani hawakuwa na deki, ila Papa alikuwa ameshaiona kidogo kwa mpiga video na akaridhika nayo. Alichukua kisu cha mezani akavunja kile kipande kidogo cha plastiki kilicho mgongoni mwa kanda, ili asitokee mtu akarekodi kitu kingine juu ya arusi ya mwanawe. Wakakubaliana kwenda kuitazama kwa jirani siku ya Noeli, familia nzima, na Ella aje kutoka Uvira. Mwezi ule haukuisha kabla nchi haijawaka moto. Papa aliuawa njiani akienda kazini. Nyumba ilichomwa, na picha zote zikateketea humo. Mama yake Dative, Josephine, alitoka na binti yake na mkoba mmoja, na kanda ilikuwa ndani ya ule mkoba kwa sababu tu alikuwa ameihifadhi humo mpaka Noeli.

Walifika Toronto mwaka 1995. Ella na mumewe walibaki Uvira, na tangu vita vya 1996 vipite kule, barua walizoandikiwa hazikujibiwa tena. Josephine alipata kazi ya kutunza wazee wa Kizungu, kuwaogesha na kuwalisha. Mwezi wao wa kwanza aliipeleka kanda kwa fundi wa televisheni. Fundi akaitumbukiza kwenye mashine, na kioo kikajaa mistari, mistari inayokimbia, na mngurumo.

"Imekufa, mama," fundi alisema. "Unyevu."

"Haya," Josephine alisema. Aliirudisha nyumbani, akaiweka kwenye droo pamoja na karatasi za uhamiaji, na hakuitaja tena. Hakuwa na hata picha moja ya mumewe, hata ndogo kama stempu.

Sasa, chama kilikuwa na sheria ya pili. Kila mwanachama kwa zamu alileta kanda ya kurekodia, na kanda yoyote ikionyesha mistari tu, imekufa. Kabatini mlikuwa na boksi la kadibodi lililoandikwa MAREHEMU. Kanda iliyomo humo ilizibwa kwa selotepu lile tundu linalobaki kipande cha mgongoni kikivunjwa, mashine ikadanganyika ikadhani ni mpya, ikarekodiwa juu yake. Wasichana wale walizijua kanda kama mama mboga anavyozijua nyanya, na hakuna aliyewabishia.

Mwezi wa pili zikaja sehemu nne za mwisho za ile katuni, zimeazimwa kutoka chama cha mji mwingine, na Alhamisi asubuhi sharti zirudi posta. Zamu ya kuleta kanda ilikuwa ya Dative, naye alikuwa amesahau kabisa. Alikumbuka Jumatano saa moja asubuhi, kiatu kimoja mguuni. Mama alikuwa ameshaondoka kwenda kwa wazee wake. Dative alifungua droo.

Ni rahisi kumlaumu, na yeye mwenyewe alijilaumu kuliko atakavyoweza mtu mwingine yeyote. Lakini hakuichukua kama mtoto mjinga. Chuoni aliitia kwanza kwenye deki, akaitazama. Mistari ilikimbia, mngurumo ukanguruma.

"Hii vipi?" aliuliza.

"Marehemu," Nazmin alisema bila kugeuka, anapanga nyaya. "Ziba tundu, twende. Time, time!"

Hapo angeweza kusema ni kanda gani. Hakusema. Alijiambia kwamba Papa hayumo mle. Iliyomo ni mistari, na mistari haina baba. Alijiambia pia kwamba Papa, angeulizwa achague kati ya mngurumo na kicheko, angechagua kicheko. Akakata selotepu, akaipitisha juu ya tundu lile alilolitoboa baba yake kwa kisu cha mezani, akaikandamiza vizuri kwa kidole gumba. Ndani ya saa moja na dakika arubaini kazi ilikuwa imekwisha. Wakaitazama kanda ile Jumatano tatu mfululizo, na walicheka kuliko walivyopata kucheka.

Mwezi wa tatu msichana mmoja wa Manchester, mpenzi wa katuni kama wao, alimtumia Nazmin kanda ya kubadilishana. Wakaiweka: mistari na mngurumo. Razia akasema maskini, imeloa njiani. Dative akanyosha mkono kuchukua selotepu. Lakini Nazmin alimwonea huruma yule wa Manchester, akasema ataipeleka kwanza nyumbani, baba yake aitazame. Baba yake, Sadru, kazi yake ilikuwa kupiga video za arusi za jamaa zao, na besimenti yake, chumba cha chini ya nyumba, ilijaa mashine kama karakana.

Jumatano iliyofuata Nazmin aliingia anacheka tangu kwenye korido.

"Guys, hamtaamini! Haijafa. Ni nzima kabisa, inang'aa!" Alitupa koti lenye theluji juu ya kochi. "Baba kanicheka mpaka basi. Anasema Japani na Kanada wanatumia mfumo mmoja wa video, ndiyo maana hatukuwahi kujua. England wana wao. Ulaya wana wao. Ukiweka kanda yao kwenye deki ya hapa, unaona mistari tu. Baba ana deki inayosoma mifumo yote. Hata za kwetu Afrika ni hivyo hivyo, anasema arusi za Iringa zote ilibidi azibadilishe. Imagine! Hilo boksi lote la marehemu... tumekuwa tunazika watu wakiwa wazima!"

Razia alicheka. Dative alisimama. Alikwenda kabatini, akakaa sakafuni, akapekua, akaitoa kanda moja yenye lebo aliyoiandika Nazmin kwa kalamu ya zambarau na kuichorea maua: Sehemu ya 9 hadi 12, vunja mbavu. Kwa kucha alianza kuibandua selotepu iliyo mgongoni mwake, taratibu, kana kwamba hilo lingesaidia kitu.

"Dative?" Razia alisema. "Hiyo ilikuwa nini?"

"Arusi ya dada yangu."

"Arusi ya... ilikuwa na nini ndani?"

"Papa," Dative alisema. "Papa alikuwa ndani."

Nazmin akaacha kucheka. Alikuja akakaa sakafuni karibu na mwenzake, na Razia akaja upande wa pili, na baba yake Razia alipiga honi huko nje kwa dakika ishirini bila kujibiwa.

Kulikuwa na tumaini moja, dogo. Arusi ilikuwa imejaza kanda nzima, na katuni hazikuila yote; mwishoni kilibaki kipande. Inawezekana hotuba ya Papa ilikuwa huko mwishoni. Dative aling'ang'ania hilo siku tatu, hali wala halali sawasawa, na nyumbani alimkwepa mama yake machoni. Jumamosi mchana alipanda basi mpaka Don Mills.

Sadru alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye Kiswahili cha bara kilichonyooka. Alimpokea kanda kwa mikono miwili. "Karibu binti yangu. Kaa." Akaisogeza mbele, wasichana wa Tokyo wakakimbia kwenye kioo wakipepesuka na pazia lao, mpaka wakaisha.

"Anko," Dative aliuliza, "hotuba ya baba wa bibi arusi huwa wapi?"

Sadru alikuwa amepiga video za arusi zaidi ya mia tatu. "Huwa katikati, binti yangu," alisema. "Mwishoni huwa ni watu wa kuokota chupa."

Akabonyeza kitufe, na ua wa nyumba yao ya Bwiza ukatokea, na rangi zake zote. Dakika tisa. Makreti ya chupa tupu. Mwanamke anafagia maua ya karatasi. Watoto wa jirani wanagombea keki iliyobaki kwenye sinia. Yale mabeseni ya Fanta yalikuwa yamepinduliwa ukutani yakauke. Kisha mpiga video akageuka, na huyo hapo mwanamume wa shati jeupe, amewapa mgongo, koti kalitupia begani, anapanga viti, anavipandisha vinne vinne. Mgongo ule Dative aliujua kabla hajajua kwamba anaujua. Alipiga goti mbele ya televisheni.

"Wewe bado unapiga tu?" mwanamume yule alisema bila kugeuka, na sauti yake ilikuwa ileile. "Arusi imekwisha, bwana. Zima. Utamaliza kanda bure."

Mpiga video akacheka. Papa akageuka nusu. Likaonekana sikio, likaonekana shavu. Halafu kioo kikawa buluu.

Dative alilia pale sakafuni kwa sauti, kama hajalia tangu 1993, na kwa kweli alikuwa hajalia. Alilia kwa furaha ya kumsikia na kwa aibu ya alichokifanya, na hakuweza kuvitenganisha. Sadru alizima taa ya meza isiyohitaji kuzimwa, akapanda juu kutengeneza chai.

Dative alimwambia mama yake Jumapili, baada ya misa, kwenye kituo cha basi, kwa sababu aliogopa kumwambia mahali penye mlango wa kufunga. Alimwambia yote: droo, selotepu, mistari, deki ya Sadru, dakika tisa. Josephine alimsikiliza amesimama wima, mkoba mbele ya tumbo. Basi likaja, likafungua mlango, likaondoka. Lingine likaja, wakapanda. Mpaka wanafika Thorncliffe, Dative alitamani apigwe makofi.

Mlangoni, anatafuta ufunguo, Josephine akasema: "Nipeleke."

Jumamosi iliyofuata wakaenda. Sadru alimwita mama, akampa kiti kizuri. Nazmin alikuwepo, kajikunyata pembeni na rundo la karatasi za chama mapajani, hajui aziweke wapi. Josephine aliziona zile dakika tisa mara nne. Mara ya nne mwanamume wa shati jeupe alipogeuka nusu, aliinuka akaligusa lile shavu kwenye kioo kwa ncha za vidole, akarudi kukaa.

"Sasa rudisha mwanzo," alisema.

"Mama, mwanzo hakuna arusi. Mwanzo ni..."

"Nimekwambia rudisha."

Sadru akairudisha. Wasichana wa Tokyo wakaingia na makelele yao ya rangi. Josephine aliwatazama kwa makini kama anavyowatazama wazee wake.

"Hawa ni akina nani?"

"Ni wanafunzi, Mama. Wana chama chao. Wanapenda katuni."

"Wana matatizo gani?"

"Hawana, Mama. Ni vichekesho tu."

Josephine akatikisa kichwa. "Punguza sauti yao," alimwambia Nazmin, naye Nazmin akaizima kabisa, kama ilivyo desturi. Kwenye kioo mwenyekiti wa Tokyo alikuwa anapima pazia kwa mikono. Josephine akaanza kusema, macho hayabanduki kwenye kioo.

"Hapa tunatoka kanisani. Ella amekanyaga gauni, Évariste kaka yangu anamwinulia. Hapa magari yanapiga honi. Sasa wageni wa Uvira wanaingia, wamevaa vitenge vya sare, vya kijani. Yule mama mkwe ananikumbatia, ananiambia: 'Dada, tangu leo usihesabu watoto wako mpaka uwe umehesabu na wangu.'"

Dative alimtazama Nazmin, na Nazmin akamtazama yeye. Wote wawili walielewa kwa wakati mmoja. Nazmin akageuza karatasi upande mweupe, akatazama saa ya deki, akaandika: dakika, jina, maneno. Dakika ya saba, mama mkwe. Dakika ya kumi na mbili, padiri. Josephine alikwenda na arusi yake polepole, hakuruka mtu. Alisema nani alichelewa, nani alilewa mapema, wimbo gani kwaya iliukosea. Vikaragosi walifumbua midomo, na sauti yake ikaingia humo. Karatasi ya kwanza ikajaa, ya pili, ya nne. Sadru alikuwa ameshuka na chai, akaganda nayo ngazini.

"Sasa Papa yako anasimama," Josephine alisema. Ilikuwa dakika ya hamsini na tatu. Sauti yake ilibadilika, ikapata nguvu. "Anafunga kifungo cha koti. Anasema: 'Ndugu zangu wa Uvira. Mmekuja kunichukulia binti, nami nimewapa. Mmekunywa, mmekula, hakuna atakayerudisha kitu. Sasa kwa kuwa mambo yamekwisha, kuna jambo moja kuhusu Ella ambalo sikuwaambia.' Halafu akanyamaza. Unajua alivyokuwa ananyamaza. Watu wakaanza kutazamana. Yule mama mkwe akaweka glasi chini. Na yeye ametulia tu. Halafu akasema..."

Josephine akakoma. Kwenye kioo yule wa miwani alikuwa amefumbua mdomo.

"Akasema..." Alifunga macho, akayafungua. "Padiri alicheka mpaka akavua miwani. Viti viligongana. Nilicheka hata mimi, na nilikuwa nimemnunia tangu asubuhi kwa ajili ya yule mpiga video." Alijishika kichwa kwa mikono miwili. "Mungu wangu. Alisema nini? Dative, alisema nini?"

"Sijui, Mama."

"Si ulikuwepo!"

"Nilikuwa nyuma. Nilikuwa kwenye Fanta." Dative alikuwa analia tena, lakini alijitahidi maneno yatoke. "Nilikuja kumwuliza. Akaniambia nitaona kwenye kanda."

Hakukuwa na mwingine wa kuulizwa. Ella angejua, lakini barua alizoandikiwa hazikujibiwa. Josephine alikaa na mikono yake kichwani muda mrefu, na hakumlaumu binti yake, wala hakumwambia si kitu, maana kilikuwa kitu. Kisha alishusha mkono mmoja, akaupeleka kando bila kutazama mpaka ukampata Dative begani, akauacha hapo.

Nazmin aliandika dakika. Akaandika Nathanaël, akaweka nukta mbili, akaacha mstari mzima mtupu. Chini yake akaandika: watu wanacheka.

"Umeandika yote?" Josephine alimwuliza.

"Ndiyo, Auntie. Yote uliyosema."

"Mpe huyu asome."

Sadru akairudisha kanda nyuma kidogo, na Dative akazipokea karatasi. Alisoma sehemu ya baba yake kwa Kiswahili, pole pole, tangu ndugu zangu wa Uvira, tangu binti na vinywaji, mpaka kwenye lile jambo moja asilowaambia. Hapo akanyamaza kama alivyonyamaza Papa. Mama yake aliinama mbele, anangoja. Yule wa miwani akafumbua mdomo, akasema lake bila sauti, akaufunga. Dative alibaki ameushikilia ule mstari mtupu kwa kidole, na katika chumba kile hakuna aliyemdai aseme.